Uso wa Eve, Mikono ya Ndinda

Eve alikuwa bafuni, amejipaka sabuni kuanzia utosini, sauti ya Ndinda ilipomfikia kutoka chumbani.

"Eve, uso."

Eve alijifunga leso, akatoka mbio kwenye koridoo la ploti, zile nyumba za kupanga za chumba kimoja kimoja, huku povu likimtiririka shingoni, na jirani aliyekuwa akifua akavuta beseni lake pembeni kumpisha, kwa sababu mambo haya alishayazoea. Chumbani, Ndinda alikuwa ameshainuka kitini. Eve akainama mbele ya kompyuta. Ikamwambia atazame kamera. Ageuze kichwa kushoto. Ageuze kulia. Atabasamu. Akatabasamu, sabuni ikimchoma macho, na kompyuta ikafikiri weee, kisha ikakataa: uso hauonekani vizuri. Ndinda akamfuta kwa pindo la leso kama mtoto wa chekechea, wakarudia, ikakubali.

"Asante," alisema Ndinda, akakaa, vidole vikarudi kazini.

Eve aliporudi bafuni alikuta mtu mwingine ameshaingia na mlango umefungwa. Akasimama nje na povu lake, akisubiri zamu.

Ukiusikia mpango huu kwa mara ya kwanza unaweza kuucheka. Cheka tu. Hata wao waliucheka mwanzoni. Kulikuwa na kampuni ya ng'ambo iliyowalipa watu wa huku kuifundisha mashine kazi za kompyuta. Eve alikuwa amejiandikisha kwa kitambulisho chake na uso wake, akapokelewa, akafunguliwa lile dirisha jeusi ambamo mtu huandika amri, na humo akakuta kijistari kinamkonyezakonyeza, kinangoja. Hakujua kiandikiwe nini. Akaifunga kompyuta akaenda kupika. Ndinda, rafiki yake wa tangu chuoni, aliandika amri kama wengine wanavyomenya viazi, huku akizungumza habari nyingine kabisa, lakini akaunti yake ilikuwa imefungwa bila maelezo. Kampuni hizi hazina mazoea ya kukueleza. Basi wakaelewana: jina na uso viwe vya Eve, mikono iwe ya Ndinda, chumba kiwe cha Eve hapo mtaa wa Lucky Summer, na kinachopatikana wagawane sawa.

Ubaya ni kwamba uso uliitishwa wakati wowote. Asubuhi, adhuhuri, mara mbili kwa saa moja, kisha kimya hadi jioni. Ukichelewa, akaunti inakufa. Walijaribu kuishikia kamera picha ya Eve, na kompyuta ikawapa onyo ambalo lilimnyima Ndinda hamu ya chakula siku nzima. Kwa hiyo Eve akawa mfungwa asiye na askari. Angeweza kwenda bafuni, mferejini, na dukani hapo getini kama angekimbia. Zaidi ya hapo, labda Jumapili, kazi inapolala. Siku nyingine zote aliketi kitandani nyuma ya kiti cha Ndinda, akitazama kisogo cha mwenzake na maandishi meupe yakipanda kwenye dirisha jeusi, msichana mzima mwenye miguu miwili, amewekwa chumbani kama sanduku la nguo za sikukuu.

Na miguu hiyo ilikuwa na pa kwenda. Marehemu baba yake, Chege, alikuwa mshonaji wa akala, viatu vya tairi, pale soko la Kariokor, na Eve alikulia chini ya meza yake, akichezea vipande vya tairi. Alijua kukata soli na kupitisha kamba kabla hajajua kusoma. Mzee alipofariki, ndugu yake Mugo, ambaye meza yake ilipakana na hiyo, alikitunza kiti chake cha kazi. Sasa alikuwa akipiga simu kila wiki.

"Eve, hii kiti ya baba yako siwezi kuishikilia milele," Mugo alimwambia. "Watu wa kamati wanaiangalia. Mwezi ukiisha kama hujakuja kukaa, wataipea mtu mwingine. Usije ukanilaumu."

"Nitakuja, ankol."

"Ulisema hivyo mwezi jana."

Aliitaka ile meza kuliko kitu chochote duniani. Aliitaka harufu ya mpira na gundi, aliutaka ubishi wa wateja na jua la mchana usoni. Lakini hakumwambia Ndinda neno. Chege alipougua akalala kitandani na Eve akashindwa, akawa kila akimfunua mzee anatoka nje kutapika kwa uchungu, ni Ndinda aliyemgeuza, akamwosha, akamkata kucha, akamwimbia nyimbo za Kikamba ambazo mzee hakuelewa hata moja na alizipenda zote. Halafu Ndinda mwenyewe hakuwa na pa kuegemea. Mumewe, Nzivo, dereva wa malori, alikwenda safari ya Malaba, mpakani, akapata huko nyumba nyingine, na binti yao Kanyiva alikuwa shule ya bweni. Mtu aliyemwosha baba yako humwendei tu ukamwambia umechoka kutazama kamera. Eve alinyamaza, akawa anatafuta njia ya kutoka bila kumwacha mtu.

Njia aliiona pale pale alipokaa. Kila kazi ilikuwa hivi: unapewa mfumo ulioharibiwa makusudi, unautengeneza kwa kuandika amri, na ukishamaliza unarudi juu, unazitafuta zile amri zilizofaa, unazinakili moja moja na kuzibandika kwenye visanduku vya kampuni, na chini ya kila moja unaeleza kwa nini uliiandika. Kutengeneza hakukumsumbua Ndinda. Kilichomla siku ni kunakili. Alivuta kurasa juu kwa mausi kuukuu, akaitafuta amri, akaipaka rangi kutoka mwanzo hadi mwisho, na mausi ikateleza ikaacha herufi ya mwisho nje, au ikakomba na alama ya mwanzo wa mstari, kisanduku kikawa chekundu, akaanza upya. Alikuwa amejifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, na kila jioni alikikaza.

"Si ubonyeze tu mshale wa juu, irudi?" Eve aliuliza siku moja.

"Inarudi, lakini bado lazima niishike na mausi ndio niikopi."

"Na haiwezi kujikopi yenyewe?"

"Ikijikopi yenyewe mimi nitakula nini?" Ndinda alicheka, akaendelea kuvuta.

Eve hakucheka. Alichukua simu yake akaanza kusoma. Alikuwa na muda. Muda ndio kitu pekee alichopewa kwa wingi humo chumbani. Alisoma kwamba kompyuta huzikumbuka amri zote zilizoandikwa, kwa mpangilio, na kwamba mtu anaweza kuiambia ichukue ile ya mwisho na kuitupa moja kwa moja kwenye ubao wa kunakilia, ambako kinachokaa kinangoja kubandikwa. Akamsomea Ndinda. Ndinda akainua nyusi, akaandika, wakaipa amri hiyo jina fupi, nak. Mara ya kwanza ikajinakili yenyewe, wakabandika kwenye kisanduku cha kampuni neno nak likiwa peke yake, wakacheka hadi Ndinda akashika mbavu. Wakairekebisha. Sasa ukiandika nak, unapata amri iliyotangulia, safi, bila alama, bila mausi. Ukiongeza tarakimu mbele yake, unapata ya nyuma zaidi.

"Wewe na uso wako," Ndinda alisema, akimtazama Eve kana kwamba wameonana leo. "Kumbe hapo nyuma ulikuwa unasoma."

Siku ya pili yake walimaliza fungu la kazi adhuhuri. Ndinda akaizima kompyuta, na hapo hakukuwa tena na uso wa kuitishwa hadi kesho yake. Eve alisema anaenda kunyoosha miguu. Alifika Kariokor akihema. Mugo alimtazama, akausukuma mfuko wa zana mbele yake bila salamu, na Eve akakaa kwenye kiti cha Chege, akachukua kisu, akakata soli. Mkono haukuwa umesahau. Alipitisha kamba kwa namna ya baba yake, chini ya wayo na kurudi kando ya kisigino, namna ambayo mafundi wengine hawakujisumbua nayo. Mugo akaigeuza ile akala, akaivuta kamba kwa nguvu, akairudisha mezani.

"Jumatatu ya mwanzo wa mwezi," alisema.

"Jumatatu," Eve alijibu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hakika. Ndinda angefanya kazi asubuhi, yeye angetoa uso asubuhi, na mchana wote angekuwa Kariokor. Hakuna ambaye angeachwa. Alirudi nyumbani akiimba, na jirani wa koridoo akamuuliza kama amepata mchumba.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Kampuni ina macho, na ilichokiona ni kwamba mfanyakazi anayeitwa Eve, wa Nairobi, amekuwa mwepesi ghafla. Ujumbe ukaja na maua yaliyochorwa: hongera Eve, kasi yako inatupendeza, kuanzia leo fungu lako la kazi limeongezwa. Wakaanza tena kumaliza magharibi. Na kwa kuwa wepesi wa ghafla hutia shaka, uso nao ukaanza kuitishwa bila huruma, hata Eve akawa anakula akiwa amesimama nyuma ya kiti. Akili yake mwenyewe ndiyo iliyomkaza kamba. Alijichukia kwa hilo.

Kisha akapiga simu mtu aitwaye Sylvance, aliyewasimamia wafanyakazi wa Nairobi. Sauti ya upole, maneno ya heshima. Alitaka kuonana na Eve kwa video keshokutwa, saa nne, amwone anavyofanya kazi, kwa sababu wakubwa wanataka awafundishe wengine ile mbinu yake ya kunakili amri, waliyoiona kwenye kumbukumbu za kazi zake. Eve alikubali kwa sababu hakujua namna ya kukataa.

"Utaweza," Ndinda alisema baadaye. Hakuwa akimtazama. "Umeniangalia miezi yote hii. Nitakaa chini hapa kando ya kitanda, kamera haitaniona."

Eve aliitikia, na ndani yake kitu kikatulia. Maana aliuona mlango. Angeanguka. Mbele ya Sylvance angebabaika, angekosea amri, angesema hajui. Akaunti ingefungwa, na hakuna ambaye angeweza kusema Eve alimwacha Ndinda. Ingekuwa bahati mbaya tu, kama mvua. Usiku huo alilala vizuri, na alipoamka aliona haya kwa kulala vizuri.

Siku yenyewe alivaa blauzi ya kanisani. Ndinda akaketi sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda, kitambaa kikiwa mkononi. Sylvance akatokea kwenye kioo, kijana mwenye miwani na ukuta mweupe nyuma yake.

"Sasa Eve, uko poa?"

"Niko poa."

"Usiogope. Nitakupea mfumo umeharibika kidogo, wewe tengeneza tu vile hufanya, halafu unionyeshe hiyo kukopi."

Dirisha jeusi likafunguka. Kile kijistari kikamkonyeza. Eve akainua mikono juu ya kibodi akiwa amejiandaa kuharibu, na kwa pembe ya jicho akamwona Ndinda. Ndinda alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti, na vidole vilikuwa vimeukamata mguu wa kitanda kwa nguvu hadi vimepauka. Anaomba, Eve aliwaza. Anamwomba Mungu nifaulu, kwa ajili ya Kanyiva. Na yale aliyokuwa ameyapanga akayaona machafu.

Akaandika amri ya kwanza. Ikajibu. Akaandika ya pili, na ya tatu, na jambo la ajabu ni kwamba alijua. Miezi ile yote ya kutazama kisogo cha mtu ilikuwa imemwingia bila kumwomba ruhusa. Akaukuta ubovu, akautengeneza, akaandika nak, akabandika, akaandika nak na tarakimu, akabandika, visanduku vikajaa kijani. Akaeleza chini ya kila kimoja kwa nini. Kwa muda kidogo alisahau hata kujichukia.

Sylvance alipiga makofi peke yake kwenye ukuta wake mweupe. Akasema hiyo ndiyo kazi. Akasema kuanzia Jumatatu Eve ni kiongozi wa kundi, na kazi ya kiongozi huonekana mwanzo mpaka mwisho ili wengine wajifunze: kampuni italeta kamera ya pili ya kutazama mikono, ile ya kwanza itabaki kutazama uso, asubuhi hadi jioni. Eve aliuliza, na je, mtu asipotaka.

"Mtu akikataa, wakubwa hujiuliza anaficha nini," Sylvance alisema kwa upole uleule. "Akaunti inafungwa kwanza, wachunguze. Lakini wewe huna kitu ya kuficha, ama?"

"Hapana," alisema Eve.

Kioo kikazimika. Huko nje mfereji ulikuwa ukichuruzika. Ndinda alifumbua macho.

"Umepita," alisema.

"Nimepita."

"Basi mikono yangu haitakiwi tena."

"Ndinda, nitafanya mimi, na tutagawana vile vile. Nusu yako iko. Uliomba, na nikaona midomo yako, ndio maana nikaandika. Nilikuwa nimekusudia kuanguka."

Ndinda aliinuka taratibu, akakaa kitandani. Alianza kukifungua kile kitambaa cha mkono. Kifundo kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi, na Eve hakuwahi kukiona kikiwa wazi.

"Kuanguka kwa nini?"

Eve akamwambia yote: kiti cha Chege, Mugo, kamati, ile Jumatatu. Alisema haraka, akitazama sakafu. Alipomaliza, Ndinda alikuwa akilia.

"Nilikuwa naomba uanguke," Ndinda alisema. "Eve, mimi nimechoka. Mkono huu unaniamsha usiku. Nilikuwa nakaa kwa sababu yako. Nilijiambia, Eve baba yake amekufa, hana kazi, hana mtu, nikiondoka atabaki na uso tu. Kila siku nasema wacha apate kitu kwanza, ndio niende."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia?"

Walikaa bega kwa bega kwenye kitanda kile, wanawake wawili waliofungiana mlango kwa upendo, kila mmoja akidhani ufunguo uko kwa mwenzake. Eve alisikia hasira, hasira kubwa isiyokuwa na wa kumwangukia.

Ndinda hakutaka nusu ya kazi asiyoifanya. Walibishana hadi chai ikapoa, akakataa. Na Eve hangeweza kuikataa ile kamera: wangechunguza, na jina na uso vilivyomo ni vyake. Mwisho ni Eve aliyesema, na maneno yalimtoka kwa shida, kwamba kile kiti hakipaswi kukaa tupu Jumatatu. Baba yake Ndinda alikuwa mchongaji wa vinyago, kisu si kitu kigeni kwake, na kukata tairi hakutaki haraka ya vidole. "Nenda ukikalie," alimwambia. "Mpaka nipate njia."

Jumatatu bodaboda alikuwa ameshaleta kamera ya pili, na Eve ameifunga juu ya meza kama alivyoagizwa. Kazi ilianza asubuhi. Uso wake ulikuwa kwenye kipembe kimoja cha kioo, mikono yake kwenye kingine, na katikati amri zikipanda. Kelele za koridoo zilikuja na kupita. Adhuhuri simu ililia kitandani, naye akaipapasa, akaiweka spika bila kugeuza kichwa.

Nyuma ya sauti ya Ndinda kulikuwa na nyundo, redio, mtu akibishania bei, Mugo akicheka. Ndinda mwenyewe alikuwa akipaza sauti, na ndani ya sauti hiyo mlikuwa na kitu ambacho Eve hakuwa amekisikia kwa muda mrefu.

"Eve, kuna mteja hapa anataka zile za Chege. Zile kamba inapita chini. Ankol anasema hajawahi kujua alikuwa anaipitisha wapi, nikuulize wewe. Inaanzia kwa kidole ama inaanzia nyuma?"

"Inaanzia katikati," Eve alisema. "Unatoboa kwa pembeni, hapa, halafu unaipindua." Mikono yake ilikuwa imeshaondoka kwenye kibodi, imeishika akala isiyokuwepo, dole gumba likisukuma kamba hewani. "Hapo, unaona? Halafu unairudisha hivi."

"Sioni, Eve. Hivi namna gani?"

Baba yake hakuwahi kumweleza kwa maneno. Alimshika tu vidole akavipeleka. Kwenye kioo, kipembe cha mikono kilizungukwa na rangi nyekundu, na maandishi yakamwomba arudishe mikono mahali pake.

"Weka video basi, unionyeshe," Ndinda alisema.

"Nitakuonyesha jioni."

"Jioni huyu mteja atakuwa ameenda."

Alimsikia Mugo kwa mbali akisema mwambie aache, mpe ya kawaida, watu hawajali siku hizi. Ndinda alibaki kwenye simu, akisubiri. Eve aliusikia mlio wa nyundo ya mtu wa meza ya tatu, aliyemjua kwa jina tangu utotoni, na akakaa akiusikiliza huku ile rangi nyekundu ikianza kupepesa. Kisha akaishusha mikono yake kwenye kibodi. Simu ikakatika yenyewe, na kompyuta ikamshukuru.